Jina Nisiloliita

Tarime, Jumamosi. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Umeme umekwenda na kurudi, lakini cherehani yangu ni ya miguu, haunihusu. Kinachonihusu ni jambo jingine.

Leo nimemwogopa mwanangu.

Ana miaka saba.

Ngoja niandike vizuri, maana nikikwepa nitajidanganya tena. Nilikuwa barazani nashona sare za shule. Yeye na mtoto wa jirani wakagombania gari la waya. Akakasirika, kama mtoto yeyote anavyokasirika, akaokota rula yangu ya mbao, ile ndefu ya kupimia kitambaa, akaja nayo kwangu kushtaki. Kushtaki tu. Lakini alikuwa ameiinua juu huku anafoka, na mimi nikajikunja kwenye kiti, mkono usoni, macho nimefumba.

Nilipofumbua, rula ilikuwa chini. Mtoto wa jirani alishakimbilia kwao. Wangu alikuwa amesimama ananitazama.

"Mama, unaniogopa?"

Nikamwambia nilikuwa nafukuza inzi. Inzi, kwenye mvua ile.

Kanisani anaitwa Daudi. Nyumbani, shuleni na mtaa mzima anaitwa Oloo. Hapa nyumbani ni mimi peke yangu ninayemwita Daudi, na siku nyingine namwita tu "wewe". Oloo ni jina la baba yangu.

Sikulichagua. Alipozaliwa alilia siku nyingi, mchana na usiku, na hospitali wakasema hana ugonjwa. Kwetu Wajaluo mtoto akilia hivyo wazee wanasema anatafuta jina. Mama yangu akaja kutoka kijijini, akampakata, akaanza kutaja marehemu mmoja mmoja, wa upande wa mume wangu kwanza, halafu wa kwetu. Alipotaja Oloo, mtoto akanyamaza. Akanyonya, akalala. Watu wakashangilia, mume wangu akachinja kuku. Mimi nilijifunika kanga mpaka usoni, wakadhani nalia kwa furaha.

Baba yangu alikuwa anaita jina mara moja tu. Ukiitwa, ufike. Ukichelewa kidogo unakuta mkanda umeshatoka kiunoni. Mama naye aliitwa hivyo hivyo, na alifika akikimbia, unga bado mikononi. Nilijifunza kulisikia jina langu kabla hajalitamka, kwa jinsi anavyokohoa akiwa bado nje.

Hakuwa mlevi. Watu wanapenda kusikia alikuwa mlevi, wanaona afadhali. Alikuwa mtu wa kanisa, mkimya, ada alilipa kwa wakati. Tulimzika nikiwa sina hata chozi, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Miaka saba nalea mtoto mwenye paji la uso la yule mzee. Namlisha, namwogesha, namshonea nguo kuliko watoto wote wa mtaa huu. Lakini akinikumbatia ghafla kutoka nyuma, mgongo wangu unakakamaa. Nilijipa moyo kwamba haoni. Mtoto gani haoni? Mimi nilikuwa naona kila kitu.

Mchana amekataa ugali. Akaenda jikoni kwa bibi yake, maana siku hizi mama yangu anakaa nasi. Bibi anamwita chwora, yaani "mume wangu" kwa Kijaluo, kwa utani wa bibi na mjukuu, na kila siku anamdai mahari. Hilo huwa linanishangaza. Aliyepigwa kuliko sisi wote ndiye anayecheka naye kuliko sisi wote.

Nilikuwa napita na beseni nikamsikia mtoto akiuliza kama yule Oloo mwingine alikuwa ananipiga. Mama yangu hajui kuficha. Akasema, "Ndiyo, alimpiga mama yako, na mimi pia alinipiga."

Halafu mtoto akauliza, "Na mimi nitakuwa hivyo nikikua?"

Beseni lilinishinda. Nililiweka chini palepale kwenye tope.

Baadaye mama akanifuata barazani. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba mama mzazi wa baba alimwacha akiwa mdogo kuliko huyu, akavuka mpaka akaolewa Kenya, na hakurudi. "Yule hakuna aliyemlea," akasema. "Labda amerudi alelewe."

Nilikasirika, sitaficha. Mimi nimlee baba yangu? Nimpe nini tena ambacho hakukichukua? Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sawa, lakini mimi nina mtoto mmoja, si mtoto na marehemu. Nataka kumlea mwanangu tu. Mama hakubishana, alichukua viazi akaanza kumenya.

Nikabaki nawaza. Mtaa mzima wanamwita Oloo na wanamwona yeye, na magoti yake yenye vidonda na pengo lake la meno. Mimi ninayelikwepa jina ndiye ninayemwona mwingine. Na leo amejua.

Jioni mvua ilipopungua nilimkuta nyuma ya nyumba, anachimba mfereji wa maji kwa kijiti. Nikasimama mlangoni.

"Oloo."

Sauti ilitoka kavu. Hakugeuka. Hajazoea kulisikia kwangu, labda alidhani namwita yule aliyekufa. Na mwili wangu ukaanza kujiandaa kama ulivyofundishwa. Ameitwa mara moja. Hajafika. Nikashika fremu ya mlango nikisubiri kitakachofuata.

Hakikufuata kitu. Maji tu yalikuwa yanapita kwenye mfereji wake.

Nikaita tena. Bado. Nikaita mara ya tatu, na safari hii lilitoka kama jina la mtoto.

"Naam, mama?"

Sikuwa na cha kumtuma. Nikamwambia hivyo, kwamba nimemwita tu. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa, akafikiri kidogo, akasogea pembeni nipate nafasi ya kuchuchumaa.

Swali lake la jikoni sijalijibu. Lakini kesho nitamwita tena. Asiposikia, nitaita mara ya pili.