Dirisha la Kumsemea Baba

Sekar, uko? Usinipigie, siwezi kuongea, baba yuko hapa pembeni.

Ile programu yangu ya kwanza ya kompyuta, ya Linux, lile dirisha lenye vitufe vikubwa vya kumsemea baba tangu kiharusi kimnyang'anye sauti. Leo nimemwonyesha. Nyumba nzima ilikuwepo.

Akabonyeza MAJI. Kompyuta ikasema, "Naomba maji." Mama akaanza kulia. Sekar, baba alitabasamu.

Akabonyeza tena. Na tena. Dirisha likaganda, likawa la kijivu. Kikatokea kisanduku: "Programu haijibu. Utasubiri au utaifunga?"

Halafu Pakde Marsudi, kaka wa damu wa baba, akamcheka: "Basi nayo imekuwa bubu kama wewe."

Kama wewe. Mbele ya mama. Amesema hivyo kweli.

Baba alikisoma kile kisanduku polepole. Nikamwambia, "Subiri kidogo, baba, itarudi." Akabonyeza FUNGA. Akageukia ukutani.

Na kosa ni langu. Nilifanya dirisha lisubiri sauti imalizike ndipo lipokee kitu kingine. Ni kosa la wanaoanza, mwongozo ninaojifunzia umeonya kabisa kulihusu, mimi nikauruka ule ukurasa kwa haraka ya kumwonyesha.

Nimesharekebisha. Haigandi tena hata ukibonyeza kama mwehu. Nimekaa kando ya kitanda nabonyeza mwenyewe, MAJI, CHAI, NAUMWA, sauti inatoka safi.

Hajageuka. Mama amesema niizime, namchosha.