Pasipoti ya Auma Iko Kwangu

Jumanne jioni, mtaa wa Jamhuri, Nairobi.

Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa, na nguo nilizofua Jumapili bado zina maji. Nina hasira. Wacha niseme mapema, ili anayetafuta maneno matamu leo apite kwa jirani.

Kesi imeahirishwa tena.

Kwa wageni wa blogu hii: nilikuwa karani wa mapokezi katika ofisi moja ya bima pale Hurlingham. Bosi wetu ni mzee wa kanisa. Kila Jumatatu, kabla simu hazijaanza kulia, tulisimama duara tukashikana mikono, naye akatuombea. Alihakikisha mimi ndiye niko kando yake. Wenzangu wamefumba macho, yeye anawaombea wateja wetu usalama barabarani, na kidole gumba chake kinanisugua kiganja. Nani huvuta mkono katikati ya maombi? Mimi sikuvuta.

Baadaye zikaja meseji za usiku. Halafu siku moja akanibana kwenye stoo ya faili, akaingiza mkono ndani ya blauzi yangu. Nilipomshtaki kwa wakubwa wake, mkataba wangu haukuongezwa. Ati utendaji duni. Ndipo nikampeleka kortini.

Auma, aliyekuwa idara ya uhasibu, ndiye aliyefungua mlango wa stoo siku ile akitafuta karatasi za printa. Aliona kwa macho yake. Sina shahidi mwingine. Tangu akubali kunitolea ushahidi, kazi yake pia iliota mbawa, na sasa amepata nyingine huko Ghuba, ya miaka miwili. Ndege yake ni Jumamosi.

Kwa hivyo asubuhi nilimwambia, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Kumbe waongo ni wengi.

Kesi ilisikizwa mtandaoni. Auma alikuja kwangu amevaa suti aliyoshonewa harusi ya dada yake. Tukaketi kwenye sofa, laptopu ya jirani juu ya stuli, na nyuma yetu nikatundika kitambaa cha meza ili jaji asione kamba ya nguo. Skrini ilijaa visanduku vya watu. Nairobi watu huingia kortini kwa simu bila hata kubadilisha jina, kwa hivyo katikati ya mawakili kulikuwa na Mama Shiro Mayai, na mwingine aliyeitwa Mgeni tu, kamera imezimwa.

Wakili wa bosi akaanza kwa huzuni. Mteja wake amelazwa hospitalini Upper Hill, presha imepanda, barua ya daktari italetwa, anaomba tarehe ya mwezi ujao. Mara ya kwanza faili yao haikuwa tayari. Mara ya pili wakili alifiwa na shangazi. Mara ya tatu alifiwa na shangazi tena, na kama nilisikia vizuri, ni yule yule.

Wakili wangu, Bi Naliaka, akapinga. Akaeleza kwamba shahidi anasafiri Jumamosi na mwezi ujao hatakuwa nchini.

Hapo ndipo Mgeni alipoongea. Hakujua maikrofoni yake iko wazi. Alikohoa kidogo, nyuma yake tukasikia mtu akiitisha kachumbari ya meza ya nje, kisha akasema polepole kabisa: "Huyo tumchoshe tu. Shahidi akishapanda ndege, hiyo kesi imekufa."



Jaji akauliza Mgeni ni nani. Kisanduku kikatoweka. Wakili wao akasema hajui, siku hizi kila mtu anaweza kuingia. Jaji akaniuliza kama naitambua sauti ile. Nikamwambia naitambua, imeniombea kila Jumatatu, na kikohozi kile hutangulia "tufumbe macho". Auma akadakia, "Ni yeye, Mheshimiwa," akaonywa asubiri zamu yake. Wakili wao akasema sauti bila uso haithibitishi kitu.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema Ijumaa asubuhi, sote tufike kortini wenyewe, Auma ataanza, na barua ya daktari iwe mezani.

Bi Naliaka alinipigia baadaye akiwa na furaha. Mimi sina. Ijumaa ni siku moja kabla ya ndege, na yule shangazi anaweza kufa tena Alhamisi. Kisha mamangu akapiga kutoka Kitui, akaniambia, "Mwende, achana na huyo mtu, Mungu atakulipia." Nimempenda mamangu maisha yangu yote, lakini leo nilikata simu nikalia kwa hasira. Mungu nimemwachia mengi. Hili nimelipeleka kortini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mpango wa yule mzee unafanya kazi.

Nimechoka. Nimechoka kueleza mkono wake ulifika wapi mbele ya watu wanaoandika. Nimechoka kuulizwa kwenye usaili wa kazi kwa nini niliondoka kule. Kuna asubuhi naamka nikitamani nisingefungua mdomo.

Auma alipokuwa anaondoka, alitoa pasipoti kwenye mkoba akaiweka juu ya meza.

"Kaa nayo. Ijumaa nikishasema yangu, utanipea."

Nikakataa. Hiyo ni riziki yake, si yangu kuishika.

"Mwende, mimi najijua," akasema. "Ajenti aliyenitafutia kazi akinipigia aseme niondoke mapema, nitaenda. Watoto wako kwa mamangu Siaya na wanataka kula. Kaa nayo ndio nisiende."

Nimeiweka ndani ya debe la unga, na kila nikipita jikoni naiona kama imekaa pale inanitazama. Nimeamua jambo moja. Jaji akiahirisha tena Ijumaa, nitamrudishia Auma pasipoti yake hapo hapo na nitamsindikiza hadi uwanja wa ndege. Sitazuia watoto wake kula ili mimi nishinde kesi. Hata kama huo ndio utakuwa mwisho wa kesi.

Nilikuwa nimeanza kufunga ukurasa huu wakati ujumbe wa Auma ulipoingia.

"Ajenti amepiga. Ati tiketi imebadilishwa, niende Alhamisi. Hawajasema nani amelipia. Nimewaambia pasipoti sina."

Nimemuuliza kama ana uhakika, bado naweza kumpelekea kesho asubuhi.

Amejibu neno moja: "Lala."

Alhamisi, nakuomba, pita tu.