Omena Isiyo na Mchanga

Kaloleni, Nairobi
8 Juni 2024

Kwa Senje wangu Phelister,

Mulembe sana, Senje. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na goti lako limepunguza kiburi. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu Wandera bado anafua vyuma kule Kariobangi na bado anakula sahani ya watu wawili. Nabwire wangu ametimiza miaka tisa, meno ya mbele yameota makubwa kuliko uso. Mimi na cherehani yangu tuko pale pale sokoni Jericho, tunashona sare za shule na kusikiliza umbea.

Najua unacheka kwamba mtu mwenye simu anaandika barua. Lakini ni wewe uliyetufunza kwamba simu ni ya kutangaza msiba na kuuliza kama basi limefika, na maneno ya nyumbani yanataka karatasi. Nyongesa wa basi ameapa ataifikisha mkononi mwako.

Senje, nataka Nabwire aje bichi Agosti, shule zikifungwa. Nilikuwa na umri huo huo marehemu baba, kaka yako, aliponipandisha basi mara ya kwanza, nikashuka kwenu na viatu vyeupe, na kabla ya jioni havikuwa vyeupe tena. Mtoto huyu analijua ziwa kwa masimulizi tu. Nimemweleza jinsi omena, dagaa wetu wa ziwani, ilivyoanikwa kwenye nyavu juu ya mchanga, na kila mtoto mgeni akapewa wavu wake na debe la kugonga, awafukuze yangeyange. Nimemweleza lile jiwe bapa tuliloliita Kitanda cha Kukhu, yaani cha bibi, tulikolala kama mijusi tukitoka majini. Nimemweleza mafiga matatu ya bibi na samaki mbuta akichemka, na jinsi mwisho wa likizo mzee Patrobas, mwenye nyavu, alivyotupimia kila mmoja mkebe wa gorogoro uliojaa omena, mshahara wetu. Mimi niliilinda yangu njia nzima hadi Nairobi kama bibi harusi.

Jana nilipokuwa namalizia Nabwire aliniuliza, "Mathe, hiyo bichi iko ukweli ama ni story ya kunilaza?"

Iliniuma. Sitaki mtoto wangu adhani nilizaliwa na kukulia kwenye foleni ya maji. Niambie tu nimlete tarehe ngapi.

Mtoto wako,
Triza


Bichi
17 Juni 2024

Kwa mtoto wa ndugu yangu,

Mulembe, Triza. Barua yako imefika, na Nyongesa amefika nayo akiwa na njaa, nikampa ugali. Mimi ni mzima. Goti linanitangazia mvua kabla ya redio. Nafurahi kusikia habari za meno ya Nabwire. Hayo ni ya kwetu, mwambie ayavumilie, uso utayafikia.

Kuhusu Agosti, mwanangu, mwaka huu hapana. Tunaezeka paa upya na nyumba imekaa wazi kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Mtoto atalala wapi? Mafundi wa huku unawajua, wakisema wiki ujue ni msimu. Tuseme mwakani, Mungu akipenda.

Msalimie Wandera, mwambie aoe, hiyo sahani ya pili ipate mwenyewe.

Ni mimi Senje wako,
Phelister


Kaloleni
24 Juni 2024

Senje mpendwa,

Mulembe. Poleni na paa. Sisi tu wazima, ila nusura nigombane na jirani kwa ajili yako, kaa nikueleze.

Nabwire hakulikubali hilo la mwakani. Aliniambia basi nimfundishe kazi mapema, ili siku akifika asichekwe. Nikanunua omena kidogo, nikaomba pazia kuukuu kwa jirani yangu Deeqa, yule mwenye duka la vitambaa, tukaitandaza omena juu yake uwanjani mbele ya nyumba. Deeqa ni rafiki yangu wa damu lakini nikikaanga omena hufunga dirisha. Alitoa pazia bila kuuliza ni la nini, na alipoona ni la nini alishika kichwa.

Hatuna yangeyange, tuna paka. Walikuja paka wa Kaloleni yote, na nadhani wengine walitoka Makongeni wakiwa wamepewa habari. Nabwire aligonga debe akipiga kelele, "Endeni mkale kwenu!", vile nilivyomwambia tulikuwa tukisema. Watu wakatoka majumbani wakidhani kuna mwizi. Paka wa Deeqa, ambaye Deeqa huapa kwamba hagusi samaki, ndiye aliyeondoka na mdomo uliojaa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jioni mtoto akaniambia amelinda nusu tu, kwa hivyo Patrobas atampa nusu gorogoro. Unaona anavyolichukulia jambo hili? Senje, paa si kitu. Sisi tulilala nje kwenye jamvi chini ya chandarua kimoja, tukipigana mateke. Mtoto atalala popote. Nikubalie.

Wako,
Triza


Bichi
4 Julai 2024

Triza,

Salamu. Nilisoma barua ya paka mara mbili, mara ya pili nikiwasomea wanawake wenzangu, na mmoja alimwaga chai. Mwambie Nabwire kwamba nusu kwa siku ya kwanza ni nyingi. Wewe siku yako ya kwanza ulilala ukilinda, na kuku wakala hadi wakashindwa kutembea.

Lakini Agosti haiwezekani. Paa limekwisha, ndiyo, ila tutapokea wageni wa kanisa, akina mama wenzangu wa kwaya, nao watajaa nyumba nzima hadi jikoni. Usikasirike. Nimempa Nyongesa kifurushi cha omena mpya, ya hapa hapa kwetu, mle mkinikumbuka.

Senje wako


Kaloleni
9 Julai 2024

Kwa Senje,

Mulembe. Sisi ni wazima. Nakuandikia kifupi kwa sababu nina jambo moja.

Omena imefika. Jana niliiloweka kwa maji ya moto kama ulivyonifunza, nikaiosha, nikamwaga maji, nikaiosha tena. Tangu nijue kupika, omena yako imeacha mchanga kwenye beseni. Mama alikuwa akilalamika kwamba nusu ya kifurushi ni ufuo wenyewe. Tulisaga meno mezani na baba akasema hiyo ndiyo ladha ya kwao.

Jana beseni lilikuwa safi. Niliingiza kidole hadi chini nikazungusha. Nilipata vipande vya nyasi.

Bichi yetu haina nyasi, Senje. Na kwaya yenu ina akina mama sita, mmoja wao ni wewe.

Mchanga uko wapi?

Mtoto wako,
Triza


Bichi
24 Julai 2024

Kwa Triza, mtoto wa ndugu yangu,

Mulembe, mwanangu. Umengoja jibu na nimekungojesha. Nyongesa alipita mara mbili akiniuliza kama kuna barua, nikamwambia kalamu imekauka. Waliosema njia ya mwongo ni fupi walikuwa wamekaa na mtu kama mimi. Nilikuwa tayari na uongo wa tatu, wa surua, na wewe unanikamata kwa nyasi.

Ziwa limepanda. Lilianza Aprili, na kufikia Mei likaacha kurudi nyuma. Kwanza lilichukua pale tulipoanika. Kisha likafunika Kitanda cha Kukhu, hata mgongo wake hauonekani. Halafu asubuhi moja niliamka nikakuta maji jikoni kwa mama, yanazunguka mafiga taratibu kama mgeni anayekagua nyumba. Hakuna aliyekufa, tushukuru. Tulibeba milango, sufuria na kuku, tukapanda mlimani karibu na kanisa. Mimi nina chumba kimoja cha mabati. Patrobas ni jirani yangu wa ukuta, namsikia akikohoa. Siku hizi tunaanika omena kwenye nyasi, ndiyo maana haina mchanga.

Hakuna paa lililoezekwa. Hakuna kwaya iliyokuja. Nyongesa aliyaona yote, nikamziba mdomo kwa ugali.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni ilikuwa aibu, sikutaka mtoto wako aje kutafuta bichi ya mama yake anikute mimi na bati. Lakini kuna lingine, na nitakuambia kama lilivyo. Kila mtu huku amekwisha kuizika ile bichi. Wewe peke yako ulikuwa bado unaiona nzima, na mchanga wake, na jiwe lake. Nilipozisoma barua zako na mimi niliiona nzima. Nilitaka ibaki hivyo kwa mtu angalau mmoja.

Sasa unajua. Usimlete mtoto. Hakuna cha kumwonyesha.

Nisamehe.
Senje wako,
Phelister


Kaloleni
28 Julai 2024

Senje,

Mulembe na pole, pole sana. Nimelia juu ya cherehani hadi mteja akaniuliza kama sindano imenichoma. Kisha nikakasirika, ulihama na mlango mgongoni na mimi nikiwa hapa nakupigia hadithi za paka. Hasira hiyo nitaimaliza tukionana, ina deni la kikombe cha chai.

Sikumficha Nabwire. Nilimsomea barua yako yote, nikamwambia bichi ya mama haipo tena. Alifikiria kidogo.

"Kwani Senje ameenda na maji?"

Nikasema hapana, yuko.

"Na Patrobas?"

Yuko.

"Na omena?"

Nikasema ipo, inaanikwa kwenye nyasi.

"Sasa mathe, ni nini haiko?"

 Mimi niliyetunza jiwe na mchanga miaka yote hii nilikuwa nimesahau nani alinifuta miguu jioni ile ya viatu vyeupe.

Shule zinafungwa tarehe mbili. Jumamosi tarehe tatu Wandera atamleta, ameomba ruhusa kazini, naye atakaa siku mbili akuongezee chumba, vyuma anavyo na mabati tutayatafuta. Usiandike kukataa, barua haitawahi. Andaa debe.

Mtoto wako,
Triza


Mlimani, juu ya bichi
14 Agosti 2024

Kwa Triza,

Mulembe. Mtoto ni mzima, amekuwa mweusi na mkali. Wandera alijenga chumba, akala, akajenga jiko, akala tena. Namshukuru. Aliondoka huku binti mmoja wa kwetu akimtazama, nitakujulisha.

Nilikuwa na hofu siku ya kwanza. Niliketi na mtoto kwenye nyasi nikamwonyesha kwa kidole, pale palikuwa hiki, pale palikuwa kile, na kote ni maji. Nilidhani atalia. Akaniomba tushuke. Lakini hayo ataandika mwenyewe, ameninyang'anya kalamu.

Hujambo mama, mimi sijambo. Hapa ni poa sana. Senje alinishika mkono tukaingia kwa maji polepole hadi akasema simama, hapa ni mlangoni. Tukapita mlangoni. Kisha akasema hapa ni jikoni. Nilipapasa kwa mguu nikapata jiwe la kwanza, la pili na la tatu. Mama, mafiga yako! Nilikaa juu ya moja na maji yalinifika kifuani. Samaki wadogo wanaishi hapo kati palipokuwa na moto. Sasa watoto wote tunaogelea jikoni, na Senje anakaa ukingoni na fimbo akihesabu vichwa. Tunapaita Hoteli, kwa sababu pana jikoni na pa kuogelea. Wewe hukuwahi kuogelea jikoni, hiyo ni mimi tu. Yangeyange ni rahisi kuliko paka. Patrobas anasema nina sauti mbaya na ni nzuri kwa kazi. Senje alicheka jana hadi akashika goti.

Mtoto wako Nabwire, mlinzi

Umeona? Nimeishi katika ile nyumba tangu nizaliwe na sikujua ina hoteli.

Senje wako


Kaloleni
25 Agosti 2024

Senje wangu,

Mulembe. Nabwire alifika salama, gorogoro mapajani, na Nyongesa anasema hakumruhusu mtu yeyote kuigusa, hata kwenye kituo cha chai. Viatu vyake sijavitambua. Jana alilala siku nzima, na akiwa usingizini alimwambia mtu aende akale kwao.

Leo tumepika mshahara wake. Niliiloweka, nikaiosha, nikamwaga maji. Nikaiosha tena. Nilipoinamisha beseni nilisikia kitu kikikwaruza.

Nilimuita nikamuuliza. Alisema siku ya mwisho alipiga mbizi pale Hoteli, akafumba ngumi chini kabisa penye mafiga, na akatoka na mchanga. Aliukausha juani karibu na omena yake na kuuchanganya Patrobas alipogeuka. Anasema wewe ulimpigia makelele kwa kuharibu chakula kizuri, na yeye akakujibu kwamba bila mchanga mama hatajua ni ya kwenu.

Kwa hivyo tulikula. Wandera alisaga meno, kisha akasema maneno yale ya baba, kwamba hiyo ndiyo ladha ya kwao. Dirisha la Deeqa lilikuwa wazi, na muda si muda akaja mwenyewe na sahani, akadai ni ya paka. Alikula akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza kwa nini chakula kinalia mdomoni.

Nilimwambia ni kwetu.

Mtoto wako,
Triza