Injini Iliyomtafuta Kizito

Karakana ya Wakhungu,
Bungoma mjini,
Mei 18, 2025.

Mpendwa dada yangu Nabwile,

Pokea salamu za nyumbani. Natumai huko Doha unaamka salama, na lile jua lenu halikuumizi kichwa kama mwaka jana. Sisi tunaamka, tunakula kidogo. Presha ya mama imeshuka, ila bado anapika ugali wa watu wengi kuliko tuliopo.

Uliniuliza kwa simu, "Mlikuwa mnatengeneza injini, na Kizito yuko majini?" Kisha ukakata. Sikukasirika. Mambo haya hayasemeki kwa simu, ndiyo maana ninaandika.

Mdogo wetu alipinduka na mtumbwi akitegua nyavu, katika bwawa la lile shamba la Saboti alikokuwa akifanya kazi. Mvua ilikuwa imelijaza bwawa hadi kwenye mahindi. Wapiga mbizi walishuka, wakapanda, wakasema chini hakuonekani kitu. Labda tuburute kulabu. Tukachukua mashua ya shamba, lakini kila tulipopiga makasia, upepo wa mlimani uliturudisha kwenye matete.

Ndipo mjomba wetu, khocha Wepukhulu, akakumbuka injini yake ya mashua, ile kuukuu aliyorudi nayo kutoka ziwani. Tukaipakia kwenye pikapu kule Bumula, tukapita Kitale bila hata kushuka kunywa maji. Watu walipoiona walishangilia. Mimi nikafungua skrubu ya chini ya giaboksi nipime oili. Yalitangulia maji, halafu ikafuata oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya gia.

Chelimo, msimamizi wa shamba, akaniambia, "Si uiwashe tu bana, itatembea."

Lakini gia zikikosa oili husagana, na tungekwama katikati ya bwawa na ule upepo. Nikamwaga yote. Nikaingiza hewa kwa pampu ya baiskeli kwenye tundu la oili, nikazamisha mkia wa injini kwenye pipa la maji. Kwenye skrubu, kimya. Kwenye maungio, kimya. Mapovu yakapanda nyuma ya propela. Nilipoitoa, nikakuta uzi wa nyavu umejizungusha kwenye shafti na kuikata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie.

Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi, ananitazama mikono. "Wakhungu, baba, washa hiyo kitu unirudishie mtoto."

Nabwile, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kumwambia mama angoje. Nilimwambia. Chelimo akaenda Kitale kwa pikipiki kutafuta sili. Sellah, mke wa Kizito, akatuletea chai, akamimina na kikombe cha mumewe, akakiweka kando. Hakuna aliyekigusa.

Sili ilipofika niliibana, nikapiga hewa tena. Maji ya pipa yakatulia. Nikajaza oili mpya, injini ikawaka, tukaburuta kulabu huku na huku hadi kamba ikakaza. Ni mimi niliyemshika. Mguu mmoja ulikuwa bado na gambuti. Nilimfunika uso kwa koti langu kabla hatujafika ukingoni.

Kungoja kule hakukumuua, dada. Alikuwa ametuacha tangu mtumbwi ulipopinduka. Tulichokuwa tunatafuta ni cha kuzika tu, na hicho nacho nusura tukikose.

Tulimzika Bumula, kando ya baba. Mama alitupa udongo, akainama akachota tena. Mchungaji akadhani amechanganyikiwa, akamshika mkono. Mama akamwambia, "Niache. Hii ingine ni ya Nabwile."

Sellah na khocha Wepukhulu wanakusalimu sana. Mpigie mama, yeye anadhani ni netiwaki iliyokata. Mungu akushike huko ugenini, mahali mikono yetu haifiki.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Wakhungu