Delfina Hakuwauza Wenzake

Maskati,
Ijumaa, baada ya swala

Dadangu Mwanaisha,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wote mliomo nyumbani hapo Malindi, na miguu ya Shangazi Zena iwe imeacha kuvimba. Mimi sijambo. Joto la huku halisemeki, na mle chumbani mwa dobi hotelini ninamopiga pasi mashuka ndimo linamozaliwa, lakini mwili umezoea. Nimekonda kidogo tu, usianze kulia.

Nimekuandikia kwa mkono, na barua nampa jirani yetu Swaleh anayekuja likizo, kwa sababu wewe simu huifungulia sauti nyumba nzima ikasikia. Na haya ni ya Baba. Uliniambia kwamba tangu Mama atutoke, Baba hali nanyi. Achukua sahani yake aenda nayo chumbani, na sahani yarudi haikuguswa. Shangazi ameshakata shauri kwamba ana mwanamke Gede anayempikia, na wewe umeanza kuamini, hata kusema naye wasema kwa shida. Nami nikakujibu, "Mfuatilie umjue." Neno hilo limenikaa vibaya, na nitakwambia kwa nini.

Wajua humu chumbani tuko wanne, na Ijumaa ndiyo siku yetu ya kucheza lile gemu la genge la majambazi wa farasi, lile nililokuachia ukalishika mpaka ukaunguza wali. Ubishi ni ule ule: nani aliyewauza wenzake kwa askari, siku waliyovamiwa darajani? Gemu lenyewe halisemi. Mitandaoni kila mtu na lake. Huyu asema ni naibu wa mkubwa wao, yule asema ni daktari mlevi. Mimi nikatoa jibu lako, tena kifua mbele: ni Delfina, yule mwanamke wa genge. Nikawaambia, tazameni kambini. Jioni wote wamezunguka chungu kimoja, yeye peke yake yuko kando na bakuli lake, wala hali. Kwetu mtu akikataa sinia ya wenzake, ana lake moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wote wakaniunga mkono, isipokuwa Mzee Kalunde. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, dereva wa gari la taka, na kwenye gemu hana lolote. Farasi wake kutwa yumo mtoni.

"Athmani," akaniuliza, "huyo mama mumewe yuko wapi?"

Nikamwambia aliuawa mwanzo mwanzo, kule mgodini.

"Na kabla hajauawa, mama alikuwa akila na nani?"

Sikujua. Tukarudi nyuma, tukaanza upya. Dada, gemu hili nimelicheza mpaka vidole vimeota sugu, na hilo sikuliona hata siku moja. Mumewe alipokuwa hai walikula wawili, bakuli moja, wameegemea gurudumu la mkokoteni. Bakuli ni lile lile, na mahali ni pale pale.

"Nyinyi watu wa pwani mtu asipokula mnadhani ana hila," akasema Mzee Kalunde. "Mimi nilipofiwa na mke wangu, chakula cha watu wengi kilikuwa kinanikaba. Sikuwa na siri. Nilikuwa sina wa kula naye."

Nikaacha kucheza, wenzangu wakadhani nimenuna kwa kushindwa. Kumbe namwona Mama. Namwona ukumbini na Baba, sahani moja, baada ya sisi kupakuliwa, akimchambulia samaki changu kwa sababu macho ya Baba hayaoni miba, akimsogezea minofu upande wake huku akimkemea ale polepole. Baba yule, tangu tumjue, samaki hajamchambua kwa mkono wake. Nanyi sasa mwampa samaki mzima mwaenda zenu. Huyo mwanamke wa Gede simwamini, dada. Naamini Baba ana njaa, na aona haya kusema.

Basi nakuomba, nawe ndiwe uliyebaki mahali pa Mama. Barua ikikufika, ukipika usimwite, wala usimpelekee sahani ya peke yake. Chukua sinia, ingia nayo chumbani kwake, ukae chini, umchambulie. Usimuulize kitu. Akilia mwache alie, wewe endelea kumsogezea.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake navitafuta. Msalimie mwalimu wetu wa chuoni, na mama mkwe wako. Shangazi Zena mbusu mkono, kisha umwambie Gede aache kuitaja.

Na Baba mpe salamu zangu ukiwa umekaa naye. Tulilomdhania, asilijue kamwe.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Athmani