Nyumba ya Mwisho Katika Mtaa Wako

Baba Abdi,

Ugali umo kwenye sufuria, nimeufunika. Mbuzi hajanyweshwa. Nampeleka mama yako Kiogoro kwa Drusilla muuguzi, ameungua vidole. Abdi tuko naye.

Hakugusa jiko. Ulipotoka kwenda dukani aliniambia, "Macho yangu hayaoni. Nipeleke nikaushike huo mji anaoujenga mwanangu." Nikamketisha mbele ya mtaa wako wa Burma, huo unaoufinyanga kwa udongo na maboksi yangu ya viberiti tangu urudi vitani. Akapapasa kuta zilizobomoka na mapaa yaliyoanguka, huku akikusifu. Alipofika nyumba ya mwisho akapiga ukelele. Vidole vilikuwa vimetoka malengelenge.

Nami nikaishika. Nyumba nyingine zote ni baridi. Hiyo ina moto kama kigae kilichotoka jikoni. Niliinyunyizia maji, yakatoa mvuke.

~~Nimeuvunja mtaa wote.~~ Sikuthubutu. Nimeufunika kwa leso tu.

Mama yako halii. Ananiuliza, "Ndani mlikuwa na nani?" Namwambia, mama, ni udongo. Anasema, "Kamuulize mumeo."

Basi nakuuliza, Shueib. Kila ukiweweseka usingizini nakuamsha kabla hujamaliza. Leo nitakusikiliza mpaka mwisho, hata kama ni jambo baya.

Ila kabla hujatufuata, nakuomba kitu kimoja. Hiyo nyumba umeiziba mlango kwa udongo. Ufungue.

Mama Abdi