Kijiwe Chini ya Presi

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

U mzima? Mimi sijambo, kiuno tu kinanikumbusha umri ambao mwenyewe nimeshausahau. Nasikia mwezi ujao unatetea utafiti wako. Karakana nzima inajua! Mteja akileta beringi, kwanza anasikiliza habari zako, ndipo ahudumiwe. Nitavaa suti ya kijivu, maprofesa wadhani mtahini ni mimi.

Ila moja. Mama yako akikaa mbele, mimi nabaki hapa. Tangu tuachane, hatuenei chumba kimoja. Chagua.

Halafu, kile kijiwe ulichoniachia nimekibana kwa presi yangu ya tani hamsini. Puu! Unga mtupu. Sasa hizo almasi zenu za kubania mawe huko maabara za nini?

Baba yako, mfalme wa presi

11 Machi

Shikamoo Baba,

Kiuno kimetulia? Huku tuko salama, ila nimecheka hadi mwenzangu wa maabara akadondosha koleo. Baba jamani! Umekibana juu na chini, ubavuni wazi, kitaachaje kusagika? Sisi tunachukua punje yake, tunaiweka kwenye kitundu cha kibati cha chuma, tunaizungushia kimiminika, ndipo almasi mbili zinabana. Inabanwa pande zote sawasawa, basi inastahimili.

Ninachotafuta ni haidrojeni. Humo jiweni imekaa kati ya oksijeni mbili, lakini imeegemea moja. Tukizidisha mgandamizo, hizo mbili zinasogeleana, nayo inajikuta katikati kabisa. Hapo husemi tena ni ya nani. Na jiwe lenyewe linazidi kuwa gumu kubanwa.

Kuhusu viti, sichagui. Nimeweka viwili mbele, vimegusana. Mama amekubali.

Binti yako

30 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo? Kimya chako kimenitisha. Wewe na kimya mmejuana lini? Utetezi ni Ijumaa. Viti bado ni viwili.

Binti yako

12 Aprili

Daktari wangu,

Hujambo? Mimi nimerudi nyumbani salama, suti imepungua kifungo kimoja kwa kutuna kifua.

Nakuambia ukweli, pale mlangoni nilitaka kugeuka. Mama yako akaondoa mkoba wake kwenye kile kiti cha pili. Nikakaa. Tulikuwa kama mashine mbili zilizozimwa. Kisha yule mtahini mzee wa miwani akakuuliza lile swali gumu, nawe ukanyamaza. Ukimya gani ule, mwanangu! Mara nikaona mikono yetu imeshikana. Nani alianza? Usiulize, hata sisi hatujui. Ulipojibu, nilipiga makofi peke yangu, mwenyekiti akanikazia macho. Mama yako naye akapiga, kwa nguvu kunishinda.

Jana mteja kaniuliza, "Huyo daktari unayemsifu, binti wa nani?" Unajua ningejibuje zamani, nikijigonga kifua.

Nimemwambia, "Wetu."

Nitumie kijiwe kingine. Naapa presi haitakigusa.

Baba yako